WAYA WA TATU
Somo juu ya kupeleka umeme katika garaji ya nyumbani



Likizo kubwa iko karibu. Sisi wa mwaka wa mwisho wa Umeme tunajua vizuri jambo litakalotupata tukifika nyumbani, na ninyi wa madarasa ya chini litawafikia vilevile. Baba mdogo, au rafiki ya baba, atasema: «Wewe unasoma umeme. Njoo utuwekee taa na prizi katika garaji.» Hatauliza kama tumefaulu mtihani wa Serikali. Atatoa pesa kidogo ya waya, ataita watoto wa nyumba wachimbe, na jioni atataka kuona taa inawaka.

Kuwasha taa si kazi ngumu. Nyaya mbili zinatosha: fazi inaleta, netri inarudisha. Njo maana, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, watu wengi wako na garaji na vibanda vyenye nyaya mbili tu, na kila kitu kinatumika. Ampuli inawaka, mashine ya kutoboa inazunguka, radio inaimba. Waya wa tatu, ule wa kijani na manjano unaokwenda udongoni, hauongezi mwangaza hata kidogo. Ukiuacha, hakuna anayeona tofauti, mpaka siku moja. Tunataka kuonyesha kwa hesabu ya darasani nini kinatokea siku ile, na namna ya kuchagua waya ili siku ile ipite bila kilio.

Kwanza tupatane juu ya neno garaji. Hapa kwetu ni mambo mawili: nyumba ya kulaza gari, na mahali mafundi wanatengeneza magari. Sisi tunasema juu ya ile ya kwanza. Lakini tusidanganyane, garaji nyingi za nyumbani hazina gari. Mle ndani kuna pikipiki mbili, betri zinazochajiwa, kompresa ya kujaza upepo wa matairi, pengine mashine ya kuchomelea vyuma, na magunia ya mihogo. Basi mtu akikuambia «ni taa moja tu», umwulize kwa heshima anawaza kufanya nini mle nyuma ya mwaka mmoja. Mzee mwenyewe anajua. Hajasema kwa sababu anaogopa bei.

UNENE WA WAYA

Umeme wetu unatoka mto Ruzizi, pale maji ya ziwa Kivu, lililo kwenye mita 1 460 hivi juu ya bahari, yanashuka kuja ziwa letu Tanganyika, lililo chini yake kwa mita karibu 700. Kituo cha Ruzizi I ni cha miaka ya 1950. Ruzizi II ilianza mwaka wa 1989, nayo ni ya inchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Katika safari ndefu namna hiyo waya unakula sehemu ya umeme, unaugeuza kuwa joto. Wakubwa wa kazi wanapunguza hasara kwa kupandisha volti sana njiani, kiisha wanazishusha kwa transfo mbele ya kuingia mtaani. Wewe katika parseli yako huna transfo. Dawa yako ni moja: waya mnene.

Tufanye hesabu ya garaji iliyo mita 30 kutoka kontere. Vyombo ni hivi: kompresa 1 500 W, mashine ya kutoboa 700 W, chaja ya betri 300 W, taa mbili za 20 W kila moja. Jumla 2 540 W. Tunagawanya kwa 220 V, tunapata ampeya 11,5. Mota ikianza kuzunguka inavuta zaidi ya ile iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo tunaweka disjonkteri ya 16 A, na hesabu yote inayofuata tunaifanya na 16 A, kwani njo kiasi ambacho disjonkteri itaruhusu kipite mchana kutwa bila kulalamika.

Volti zinazopotea njiani ni: 2 × 0,0225 × urefu × ampeya ÷ unene. Mbili ni kwa sababu umeme unakwenda na kurudi. Ile 0,0225 ni ya shaba iliyopata joto; wengine katika daftari wameandika 0,0175, nayo ni ya shaba baridi. Sisi tunachukua kubwa, hapa Uvira si pahali pa baridi.

Waya wa 1,5 mm²: 14,4 V zinapotea. Waya wa 2,5: 8,6 V. Waya wa 4: 5,4 V.

Sheria tuliyofundishwa inasema hasara isipite 3 kwa mia kwa taa, maana yake 6,6 V, na 5 kwa mia kwa vyombo vingine, maana yake 11 V. Katika garaji yetu taa na vyombo viko kwenye kebo moja, basi tunafuata ile kali. Waya wa 1,5 umeanguka mtihani kabisa, wa 2,5 haukufika, wa 4 umefaulu. Na tukumbuke saa ya jioni, wakati mtaa mzima unapika: volti zinashuka tayari mbele ya kufika kwako. Mota ya kompresa ikipata volti chache haipumziki. Inavuta ampeya nyingi zaidi, inapata joto, na siku moja unasikia harufu.

Kama kuna mashine ya kuchomelea vyuma, msitumie hesabu hii, anzeni upya. Mashine ndogo inaweza kuvuta ampeya 25 au zaidi. Kwa disjonkteri ya 32 A na mita 30 zilezile, waya wa 6 unapoteza 7,2 V, na ukitaka kubaki ndani ya 3 kwa mia utafika waya wa 10. Hapo mzee atashika kichwa. Afadhali ashike kichwa sasa.

Neno moja juu ya disjonkteri, kwani tunaona watu wengi hawalielewi. Disjonkteri ya kawaida inachunga waya. Haichungi mtu. Waya wa 1,5 unachungwa na 16 A, wa 2,5 na 20 A, wa 4 na 25 A, wa 6 na 32 A. Kuweka ndogo kuliko hiyo hakuna mambo. Kuweka kubwa, kwa sababu «hii inaanguka kila mara», ni kumfukuza mlinzi kwa kuwa anapiga kelele usiku.

KUNUNUA

Maandishi juu ya kebo si ushahidi. Siku hizi kuna nyaya zilizoandikwa 2,5 ambazo ndani hazifiki, na nyingine ambazo si shaba. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na aluminiamu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, mrudishie mwenye duka kwa amani.

Kwa unene, kuna jaribio ambalo kila mmoja anaweza kulifanya bila chombo cha bei. Menya waya mmoja mzima (si ule wa nyuzi nyingi), uuzungushe mara 10 juu ya kalamu ya risasi, mizunguko igusane vizuri, kiisha pima upana wote kwa rula. Waya wa 1,5 unatoa milimita 14. Wa 2,5 karibu 18. Wa 4 kati ya 22 na 23. Wa 6 karibu 28. Sababu yake mnaijua: unene wa mm² ni eneo la duara, na mizunguko 10 inatoa kipenyo mara kumi. Wale wa mwaka wa kwanza waliouliza «eneo la duara litatufaa nini maishani» wamepata jibu.

Ombeni kebo ya nyaya tatu, zote za unene mmoja: fazi, netri ya bluu, na ule wa kijani na manjano. Hizo rangi mbili pamoja hazitumiki kwa kazi nyingine hata siku moja, hata kama waya wa rangi nyingine umekwisha dukani. Fundi atakayekuja nyuma yako ataushika kwa mkono mtupu, akiamini.

Ikiwa kebo inapita chini ya udongo, iwe ile nyeusi ngumu iliyoandikwa U-1000 R2V, ndani ya bomba, na kina kisipungue sentimita 60. Pale magari yanapopita, chimba zaidi. Weka mchanga, kisha mstari wa matofali juu yake, ili jembe la mama anayelima lengalenga lipige tofali kwanza. Kusiwe na kiungo chini ya udongo. Kama kebo haitoshi, nunueni nyingine, au ipitisheni juu ya nguzo kwa urefu ambao lori halitagusa.

SIKU ILE MOJA

Sasa tumefika kwenye waya wa tatu. Picha hazitoki vizuri katika gazeti letu, basi tutaeleza kwa maneno. Chukueni karatasi mchore wenyewe.

Katika mfumo unaoitwa TT, T ya kwanza inasema kwamba netri ya transfo imeungwa na udongo kule kwenye transfo. T ya pili inasema kwamba vyuma vya vyombo vyako vimeungwa na udongo hapa kwako, kwa piketi yako mwenyewe. Maana yake udongo wenyewe ni njia ya kurudia. Umeme unaotoka katika fazi, ukipata mlango wa kuingia udongoni, utarudi mpaka transfo.

Hali ya kwanza: nyaya mbili tu. Ndani ya kompresa, ngozi ya waya imekatika kwa kutikisika, na fazi inagusa chuma. Nini kinatokea? Hakuna. Kompresa inaendelea kutumika, disjonkteri imelala. Lakini chuma chote sasa kina 220 V, kinangoja. Mtoto anaingia, miguu mitupu, sakafu ina maji, anaweka mkono. Tukihesabu mwili wenye maji kama ohm 1 000, umeme unaopita ndani yake ni karibu 0,2 A. Kwa disjonkteri ya 16 A hiyo ni kama inzi juu ya ng'ombe. Kwa mtoto, 0,03 A ikikaa sekunde chache inaweza kufunga pumzi, na zaidi ya hapo moyo unapoteza mwendo wake.

Hali ya pili: tumeweka piketi nzuri ya ohm 30, kile kipimo ambacho sheria ya Ubelgiji ya mwaka wa 1981 iliwataka watu wa nyumba wasikipite, na ambacho walimu wengi wa umeme wa kwetu bado wanakifundisha. Tuseme piketi ya transfo ni ohm 10. Fazi ikigusa chuma, umeme unapita: 220 ÷ (30 + 10) = 5,5 A. Angalieni vizuri. Disjonkteri ya 16 A haitaanguka kwa 5,5 A! Na chuma cha kompresa kina 5,5 × 30, njo 165 V. Mlichimba, mlipiga piketi, mlitoa jasho, na chuma bado kinaweza kuua. Juu yake kontere inahesabu karibu 1 210 W usiku na mchana, pesa inaingia udongoni.

Hapa njo wengi wanadanganyika. Wanasema: «Tumeweka waya wa udongo, basi.» Waya wa udongo peke yake haukati kitu.

Hali ya tatu: piketi ileile, lakini pale nyumbani, kabla ya kebo ya garaji, tumeweka diferansieli ya 30 mA. Hiki chombo kinalinganisha umeme unaotoka na fazi na ule unaorudi na netri. Vikiwa sawa, kinanyamaza. Kikikosa 0,03 A tu, kinajua kwamba umeme umepata njia nyingine, na kinakata. Kwa 5,5 A kinakata kwa kufumba na kufumbua jicho, mbele ya mtu kukaribia. Taa inazimika, mzee anakasirika, mnatafuta kosa mkiwa wazima.

Na diferansieli bila waya wa udongo? Swali hili liliulizwa darasani na ni zuri. Kosa likitokea hakuna umeme unaotoka, kwa hiyo chombo hakioni kitu. Kinangoja mpaka mtu aguse. Wakati ule mtu mwenyewe njo anakuwa waya wa udongo; anapata pigo, na chombo kinakata. Mara nyingi atapona. Kama yuko juu ya ngazi, tusiseme.

Kanuni ya kukumbuka: ohm za piketi mara ampeya za diferansieli zisipite 50 V. Kwa diferansieli ya 500 mA piketi isizidi ohm 100; kwa ya 30 mA hesabu inaruhusu hata 1 600, lakini msiifanye kuwa sababu ya uvivu.

Kuna ujanja tunaouona katika prizi fulani: kipande kifupi cha waya kutoka netri mpaka tundu la udongo, ndani ya prizi yenyewe, ili mzee aone «iko na udongo». Tunawaomba sana, msiufanye. Siku netri inakatika kwenye nguzo kwa upepo, au mtu anabadilisha fazi na netri wakati wa kuunga upya, vyuma vyote vya garaji vinapata 220 V kwa mara moja, hata vile vizima.

UDONGO WETU

Piketi ni fimbo ya chuma iliyovikwa shaba, ya mita 1,5 angalau. Sisi tunapendelea mita 2. Chuma cha kujengea nyumba kinaota kutu na nyuma ya miaka michache unabaki na shimo. Ohm zake, kwa hesabu ya haraka, ni ukali wa udongo kugawanya kwa urefu. Udongo laini wenye maji, kama ule wa karibu na ziwa, unaweza kuwa na ohm-mita 50: piketi ya mita 2 inatoa ohm 25. Mchanga mkavu wenye mawe unaweza kufika 1 000: piketi ileile inatoa 500.

Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba, na mito kama Mulongwe na Kalimabenge imemwaga mawe na changarawe kutoka mlimani miaka na miaka. Hivi parseli mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana sana. Yule aliye juu ataona piketi inagonga jiwe kwa sentimita 70. Asiikate, ahamie kando. Kama moja haitoshi, pigeni ya pili mbali na ya kwanza, angalau mita 4, mziunge. Ohm zinashuka karibu nusu. Chumvi inayomwagwa shimoni inasaidia kidogo, lakini inakula chuma na mvua inaiondoa. Na pimeni kiangazi, Julai au Agosti, udongo ukiwa mkavu. Piketi iliyopimwa siku ya mvua inasema uongo mzuri.

Bomba la maji lisichukuliwe kuwa piketi. Zamani yalikuwa ya chuma, leo mengi ni plastiki, na hujui fundi wa maji amebadilisha kipande gani.

Kwa walio chini, shida ni nyingine. Mwezi wa Aprili 2020 Mulongwe ilifurika ikaingia mjini, na katika miaka ya 2020, 2021 na 2024 ziwa lenyewe lilipanda mpaka ndani ya nyumba, Kavimvira zaidi. Anayeishi upande huo aweke prizi za garaji juu, usawa wa kifua, na sanduku la disjonkteri libaki katika nyumba iliyo juu zaidi. Maji yakikaribia, zima kwanza kule kwenye kontere ukiwa pahali pakavu. Usiingie garaji yenye maji kwenda kuokoa chaja.

Garaji ikiwa ya mabati, kuta zenyewe ni chombo cha umeme. Ungeni mabati na waya wa udongo. Na ikiwa mmeongeza piketi pale garaji, iunganishwe na ile ya nyumba. Udongo wa parseli uwe mmoja. Waya unaoshuka kwenye piketi usiwe chini ya 16 mm², hata kama kebo yenu ni ya 4.

MBELE YA KUWASHA

Umeme ukiwa umezimwa, pimeni kwa multimetri kutoka tundu la udongo la kila prizi mpaka kiungo cha piketi: isome karibu na sifuri. Piketi yenyewe multimetri haiwezi kuipima, inahitaji telurometri. Kiisha washeni na bonyezeni kitufe cha T juu ya diferansieli. Isipoanguka, haifai, hata kama ni mpya. Kitufe hicho kibonyezwe kila mwezi, na mfundisheni mama wa nyumba kukibonyeza, kwani ninyi mtakuwa mmerudi shuleni.

Zoezi kwa wale wa mwaka wa pili na wa tatu. (a) Garaji iko mita 45, disjonkteri 16 A, taa ziko ndani: waya gani? (b) Piketi imepimwa kiangazi, ohm 200. Mzee tayari amenunua diferansieli ya 300 mA. Mtamwambia nini?

Majibu. (a) 2 × 0,0225 × 45 × 16 = 32,4. Ukigawanya kwa 4 unapata 8,1 V, imezidi; kwa 6 unapata 5,4 V. Waya wa 6. (b) 200 × 0,3 = 60 V, imepita 50. Ama apige piketi ya pili, ama airudishe dukani na achukue ya 30 mA: 200 × 0,03 = 6 V. Mwambieni kwa upole, na muende naye dukani.

Kapita wa wanafunzi na wenzake, mwaka wa mwisho, Kikundi cha Umeme